Somo la Sita: Kosa Dogo katika Mwongozo wa Kutunza Nakala Rudufu

Mtumiaji anaponunua kompyuta, simu au flashi, hununua pamoja nayo maelezo ya kuitumia, hata kama hatayafungua. Maelezo hayo ni sehemu ya bidhaa kama ulivyo waya wa kuchajia. Somo hili linahusu aina moja tu ya maelezo: yale yanayomfundisha mtu kutunza nakala rudufu ya mafaili yake, yaani nakala ya pili inayowekwa mahali pengine ili ya kwanza ikiharibika au ikiibwa, kazi isipotee. Wengi huiita bakapu. Tumeamua kuanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu lilichapishwa katika kijitabu hiki na lilimgharimu msomaji.

Katika toleo lililotangulia, ukurasa wa 14, tulieleza namna ya kunakili folda kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi kwa kutumia Robocopy. Hii ni programu ndogo inayokuja ndani ya Windows bila malipo. Haina picha wala vitufe, bali mtumiaji huandika amri ya mstari mmoja katika dirisha la amri, kisha kazi hufanyika yenyewe. Tuliichagua kwa nia njema. Haihitaji intaneti, na wasomaji wetu wengi wanaishi mahali ambapo intaneti ni ya kununua kidogo kidogo. Mstari tuliouchapisha ulikuwa huu:

robocopy E:\Kikundi C:\Kikundi /MIR

Ulipaswa kuwa huu:

robocopy C:\Kikundi E:\Kikundi /MIR

Tofauti ni herufi mbili zilizobadilishana nafasi. Katika Robocopy, mahali panapoandikwa kwanza ndipo mafaili yanapotoka, na panapoandikwa pili ndipo yanapokwenda. C ni kompyuta. E, katika mfano wetu, ni flashi. Kwa hiyo sisi tuliokusudia kumwambia msomaji apeleke kumbukumbu zake kwenye flashi, tulimwambia achukue vilivyomo kwenye flashi na kuvimwaga juu ya kumbukumbu zake.

Mmoja wa waliofuata mstari huo neno kwa neno ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba na kukopa huko Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga. Kikundi chake ni cha mfumo wa VICOBA, chenye wanachama 30 wanaokutana kila wiki. Mama huyo alikuwa na mazoea mazuri kuliko watu wengi wa mijini: baada ya mikutano kadhaa huhamishia hisa, mikopo na marejesho kwenye kompyuta ya mkononi, na mwisho wa mwezi huweka nakala kwenye flashi anayoifungia ndani ya sanduku la kikundi. Mwezi ule aliona kijitabu chetu, akaona njia iliyo nyepesi kuliko yake, akaiamini.

Kwenye flashi kulikuwa na nakala ya mwezi uliopita. Kwenye kompyuta kulikuwa na kumbukumbu mpya za mikutano minne. Alipobonyeza kitufe cha kuingiza, mafaili ya zamani yaliandikwa juu ya mapya, na mafaili ambayo hayakuwapo kwenye flashi yalifutwa kwenye kompyuta. Hayakwenda kwenye pipa la taka ambako yangeweza kuokotwa; Robocopy haipitii huko. Dirisha halikuonyesha onyo lolote. Lilitoa jedwali la hesabu na kumalizika vizuri, kwa kuwa programu ilikuwa imefanya kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Aligundua siku ya mkutano uliofuata, mwanachama alipouliza baki la mkopo wake na kompyuta ikataja la mwezi uliopita.

Kilichookoa kikundi ni kalamu. Kila mwanachama ana kijitabu chake, na kila malipo huandikwa humo mbele ya mkutano. Walikaa kutwa nzima wakisoma kijitabu kimoja baada ya kingine na kuingiza upya. Vijitabu 29 vilisomeka. Cha thelathini kilikuwa kimelowa mvua, wino umetawanyika, na mwenye nacho alikuwa amesema amerejesha shilingi 40,000 katika mkutano wa tatu. Hapakuwa na karatasi wala faili la kulithibitisha neno lake. Kikundi kiliwaita wahesabu fedha wawili wa siku ile, wakakumbuka, na kikao kikakubali. Tunaieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo gharama halisi ya herufi mbili: mama mmoja kusimama mbele ya jirani zake na kutegemea kumbukumbu za watu wawili ili asionekane mwongo.

Barua ya mweka hazina ilitufikia ikiwa na kurasa mbili. Haikuwa na lawama nyingi. Iliuliza jambo moja: mahali pa kwanza katika mstari ule ni pa kutoka au pa kwenda? Aliyesoma barua hiyo ofisini alifungua ukurasa wa 14 na kuona kosa papo hapo. Mstari huo ulikuwa umepita mikononi mwa wahariri watatu. Wote walisahihisha tahajia, nafasi na alama za uandishi. Hakuna aliyekaa kwenye kompyuta na kuutekeleza. Huo ndio udhaifu mkubwa wa maandishi ya aina hii. Sentensi ya kawaida ikikosewa, msomaji huhisi kuna jambo haliko sawa, lakini amri iliyokosewa husomeka vizuri kama iliyo sahihi.

Wepesi wa kukosea haupo kwenye Robocopy peke yake. Ipo programu nyingine mashuhuri iitwayo rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell pamoja na Paul Mackerras, na hadi leo inatumika duniani kote katika kompyuta za Linux. Humo kuna alama ya mkwaju inayoweza kuwekwa au kuachwa mwishoni mwa jina la folda. Ukiandika Picha bila mkwaju, programu huichukua folda nzima na kuiweka ndani ya flashi. Ukiandika Picha/ kwa mkwaju, huchukua vilivyomo tu na kuvitandaza kwenye flashi bila folda. Hadi hapo ni usumbufu mdogo. Lakini mtu akiwa ameongeza neno --delete, linalomaanisha kwamba kisichokuwepo kwenye chanzo kifutwe kwenye mwisho, basi mkwaju ule mmoja ndio unaoamua: bila huo, kinachosafishwa ni folda ya Picha peke yake, pamoja nao, kila kitu kingine kilichokuwa kwenye flashi kinafutwa. Mchapishaji aliyeuacha au kuuongeza mkwaju kwa bahati mbaya hataona tofauti yoyote katika ukurasa wake.

Tulipoandaa masahihisho, rasimu yetu ya kwanza ilibadilisha herufi mbili tu. Tuliituma Litumbandyosi kabla ya kuichapisha, na jibu lilitufundisha zaidi ya barua ya kwanza. Mweka hazina alikubali kwamba mwelekeo sasa ni sahihi, ila akauliza kwa nini hatukueleza maana ya /MIR, na kwa nini tuliandika E ilhali flashi yake siku hiyo ilionekana kama F. Maswali yote mawili yalikuwa ya haki. /MIR huifanya folda ya mwisho ilingane na ya mwanzo kama mtu na kivuli chake: ukifuta faili kwenye kompyuta kwa bahati mbaya leo, kesho ukiendesha amri hiyo faili lile litafutwa na kwenye flashi pia. Nakala ya namna hiyo humlinda mtu dhidi ya kompyuta kuibwa, lakini haimlindi dhidi ya mkono wake mwenyewe. Kuhusu herufi, Windows huipa flashi herufi iliyo wazi wakati huo. Leo E, kesho F, kwenye kompyuta ya jirani G. Kosa letu halikuwa herufi mbili, bali kuandika kana kwamba kompyuta zote ni ile iliyo mezani kwetu.

Kwa hiyo masahihisho kamili ni haya. Kwanza, mtumiaji afungue dirisha la mafaili na kuangalia flashi yake inaonyesha herufi gani, kisha aiweke herufi hiyo mahali pa E. Pili, kwa matumizi ya nyumbani na ya kikundi, atumie /E badala ya /MIR. /E hunakili folda pamoja na folda ndogo zilizomo, na haifuti kilichozidi kule kinakokwenda. Tatu, kila mara atengeneze folda mpya yenye tarehe kwenye flashi, ili nakala ya mwezi huu isikae juu ya ya mwezi uliopita. Na kabla ya kuendesha amri yoyote asiyoizoea, aongeze /L mwishoni. Alama hiyo huiagiza Robocopy itaje tu mafaili ambayo ingeyanakili au kuyafuta, bila kuyagusa. Ni sawa na kumuuliza fundi ataanza kubomoa wapi kabla hujampa nyundo. Tungeiandika alama hiyo tangu mwanzo, kosa letu lingeonekana kwenye kioo cha kompyuta na kuishia hapo.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba masahihisho yenyewe hayana hatari. Yanayo. Mwezi Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, programu ya kutunza nakala rudufu ya kompyuta kubwa ya utafiti ilifanyiwa marekebisho na kampuni iliyouza mfumo huo. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa madogo kabisa: majina ya ndani ya programu yalibadilishwa ili yasomeke kwa urahisi zaidi. Marekebisho yaliwekwa wakati toleo la zamani bado linaendelea kufanya kazi. Programu ikajikuta katikati ya maandishi mapya, majina iliyoyatafuta yakiwa hayana thamani ndani yake, na amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani ikaelekezwa kwenye kazi za watafiti. Kati ya tarehe 14 na 16 zilifutwa takriban terabaiti 77, mafaili yapatayo milioni 34, ya makundi 14 ya utafiti. Kazi za makundi manne hazikuweza kurejeshwa. Nia ilikuwa kufanya maandishi yasomeke. Ndiyo sababu sasa hatuchapishi sahihisho la amri mpaka mtu wa pili, asiye aliyeliandika, ameliendesha kwenye folda ya majaribio mwanzo hadi mwisho.

Kwa watumiaji wa simu, amri za kuandika si tatizo. Tatizo ni maneno. Kiswahili cha vifaa bado ni kichanga, na neno moja hubebeshwa mizigo miwili. Neno linalostahili tahadhari kuliko yote ni rejesha. Katika orodha moja ya simu, kurejesha nakala humaanisha kuyarudisha mafaili yako yaliyohifadhiwa. Katika orodha ya jirani yake, kurejesha mipangilio ya kiwandani humaanisha kuifuta simu iwe tupu kama ilivyotoka dukani. Mwongozo unaosema kwa mkato «bonyeza Rejesha» bila kutaja ni rejesha ipi, una kosa, hata kama kila herufi iko mahali pake. Vilevile kunakili si kuhamisha: anayenakili hubaki na vitu viwili, anayehamisha hubaki na kimoja, na kama flashi imepotea njiani, hana kitu. Na kusawazisha, ambako wengi husema kusinki, si kutunza nakala rudufu. Picha iliyosawazishwa kati ya simu na akaunti ya mtandaoni ikifutwa upande mmoja, hufutwa na upande wa pili. Tumekutana na wauzaji wanaomweleza mnunuzi kwamba simu «inajibakapu yenyewe» ilhali wanachoelezea ni kusawazisha tu. Mnunuzi anayeambiwa hivyo na aombe kuonyeshwa, palepale dukani, faili moja likifutwa kwenye simu na kurudishwa.

Ombi hilo ndilo kipimo tunachokipendekeza kwa mwongozo wowote, uwe wetu au wa kiwandani. Tengeneza folda ndogo ya majaribio yenye mafaili mawili matatu yasiyo na thamani. Fuata mwongozo kama ulivyoandikwa, bila kusaidia kwa akili yako pale unapokosa hatua. Kisha futa faili moja upande wa kompyuta, na ujaribu kulirudisha kutoka kwenye nakala. Likirudi na kufunguka, mwongozo unafaa kwa kifaa chako. Lisiporudi, umepata kosa kwa gharama ya dakika kumi. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa hata mara moja bado ni matumaini tu.

Ukigundua kosa, tuandikie, au mwandikie mtengenezaji. Wengi huacha kwa kudhani kosa ni la kwao, hasa pale maandishi yanapotoka kwenye taasisi au kampuni kubwa. Mweka hazina wa Litumbandyosi naye alikiri katika barua yake kwamba wiki mbili za kwanza alijilaumu kwa kutokuelewa. Barua yenye msaada si lazima iwe ndefu wala ya kitaalamu. Yake ilitaja jina la kijitabu, toleo na ukurasa; ilinakili mstari kama ulivyochapishwa, bila kuurekebisha; ilieleza alichokifanya, alichokitarajia na kilichotokea; na ilitaja aina ya Windows aliyokuwa nayo. Kwa mambo hayo tuliweza kuirudia hali yake ofisini katika muda wa saa moja. Barua nyingine tulizopokea kuhusu ukurasa huohuo, kwa maana hakuwa peke yake, zilisema tu kwamba maelezo hayafanyi kazi, na hatukuweza kuzitumia. Jambo moja la tahadhari: usitume majina, namba za simu wala mikopo ya wanachama pamoja na malalamiko. Picha ya kioo cha kompyuta hubeba mambo mengi ambayo mpigaji hakukusudia kuyaonyesha.

Kuhusu haki, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Kosa la herufi kwa kawaida si hila, na hatumshauri mtu kukimbilia mashtaka kwa sababu ya mkwaju. Hata hivyo, muuzaji aliyekwisha kuarifiwa kwa maandishi kwamba maelezo yake yanapoteza mafaili ya watu, akaendelea kuyagawa bila kuyarekebisha, kwa maoni yetu hana tena kisingizio cha bahati mbaya. Hii ni sababu nyingine ya kuandika, na ya kubaki na nakala ya barua yako yenye tarehe.

Limebaki tatizo ambalo hatujaweza kulimaliza. Maelezo yaliyo mtandaoni hurekebishwa mara moja na kila anayefungua huona yaliyo sahihi. Karatasi haiko hivyo. Toleo lililotangulia la kijitabu hiki liko kwenye ofisi za kata, kwenye makabati ya shule, kwenye sanduku la kikundi chini ya flashi, na litaendelea kusomwa miaka mingi baada ya sisi kulisahau. Tumechapisha ukanda wa masahihisho, lakini ukanda uliofika Mbinga mjini si lazima umefika kijijini, na uliofika kijijini si lazima umebandikwa.

Kwa hiyo tunakuomba, kama unalo toleo hilo, ulifungue sasa hivi katika ukurasa wa 14. Piga mstari kwa kalamu juu ya amri iliyochapishwa, mstari ulionyooka unaoacha maneno ya zamani yakisomeka, ili atakayekuja baadaye ajue kilichobadilishwa. Andika chini yake amri ifuatayo, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, na mwezi na mwaka wa nakala mahali palipoandikwa tarehe:

robocopy C:\Kikundi E:\Kikundi-tarehe /E /L

Pembeni andika: «Ondoa /L baada ya kusoma orodha na kuridhika.» Weka tarehe ya leo na saini yako. Kama kijitabu ni cha ofisi au cha kikundi, mwonyeshe anayekitunza kabla ya kukirudisha mahali pake.